Kipindi cha Tamathali

Nje ya kipindi cha Kiingereza, hakuna aliyeruhusiwa kukiita kitu kimoja kwa jina la kingine. Ukithubutu, kidude alichovishwa kila mtu shingoni kilikuzima sauti juma zima. Darasani tu, na kwa Kiingereza tu, tamathali za semi zilisamehewa, maana zilikuwa kwenye mtihani.

Ndiyo maana Mwalimu Nasieku alimleta mama yake shuleni siku ile, akamketisha dawati la nyuma na blanketi magotini. Daktari alikuwa amesema mama hatamaliza mwezi. "Nakupenda" Nasieku alikuwa ameshamwambia mara nyingi, lakini alilotaka kumwambia lilikuwa kubwa kuliko hilo, na nyumbani halikusemeka.

"Madam, mgeni naye anafanya mtihani?" aliuliza Resiato, mtundu wa darasa.

"Acha maneno mengi, toa mfano."

Resiato akamwita jirani yake twiga, kwa Kiingereza, na darasa zima likaangua kicheko. Mama akacheka nao, bila kuelewa neno.

Nasieku akamtazama.

"Mama, wewe ndiwe nyumba yangu," akasema polepole, kwa Kiingereza. "Siku ukiondoka, nitalala nje maisha yangu yote."

Resiato akaanza kulia.

"Umeniambia nini, mwanangu?" mama akauliza.

Nasieku akafungua kinywa. Kidude kikatetemeka kooni, kikisubiri.

"Nimesema wewe ni mama yangu."

"Hilo nalijua," mama akajibu kwa upole, kisha akamgeukia Resiato na kumwuliza nani amemwonea.