Injini Uani

Mwanashee alikuwa kwenye eda, haruhusiwi kuvuka mlango wa nje, alipoanza kuimalizia ndege ya rimoti aliyoiacha mumewe. Uani aliyafunga mabawa yaliyomzidi urefu, akaikaza injini puani, akatia petroli.

“Wifi, wazee wameshakubaliana,” alisema Zuhura, dada wa marehemu. “Eda ikiisha utaolewa na kaka yetu Badi.”

“Mimi kaniuliza nani?”



Mwanashee akalizungusha panga la injini kwa mkono. Injini ikanguruma, kuku wakatawanyika, na ndege ikaanza kumburura kuelekea ukutani. Akapiga magoti, akaukumbatia mkia, shungi likimpepea.

“Izime, wifi!” Zuhura alipiga kelele.

Mwanashee alikaza mikono, akatazama kipande cha anga juu ya ukuta, wala hakuizima.