Sinia la Walimu

Bibi Yorn alinusa kwapa la tumbili, kisha akanusa tena.

"Kosal, mjukuu wangu," alisema, sindano mdomoni, "umeoga na nini leo?"

"Mchaichai, bibi."

"Mchaichai." Alilitamka kama mtu anayetema mbegu. "Haya, inua mkono."

Vazi la tumbili halina kifungo wala zipu. Mchezaji hushonewa mwilini, na hatoki humo mpaka uzi ukatwe ngoma ikiisha. Na kwa kuwa Bibi Yorn ndiye aliyewashona wanaume wote wa kundi lile la ngoma ya vinyago, hapakuwa na pindo, mkunjo wala soksi ambayo vidole vyake havikuipitia. Alikuwa ameapa: akimkuta mtu na bangi, angekata uzi palepale na mwenyewe angekwenda kwao na chupi.

Hakuwa anatania. Juma lililopita, kwenye mazoezi, jitu lilianguka vitani likafa, kisha likaanza kucheka ndani ya kinyago. Vinyago havisemi, msimulizi ndiye huvisemea. Sasa msimulizi angeielezaje maiti inayocheka? Naye hakuweza. Alikuwa chini, ameshika mbavu.

"Jani kwenye supu ya kuku, sawa," Bibi Yorn aliwafokea siku ile. "Jani kwenye mapafu ya mtu anayecheza mbele ya walimu waliokufa, thubutu!" Mumewe, Babu Prak, mwalimu wa kundi, aliitikia kila neno kwa kichwa, huku akizungusha uzi mwekundu wa baraka aliouvaa mkononi.

Leo wageni wa mkoa walikuwa wameshakaa kwenye mikeka uani mwa pagoda. Wakiridhika, kundi lingekwenda kucheza mji mkuu, Phnom Penh. Na tumbili ilikuwa nafasi ya marehemu baba yake Kosal, na ya babu yake kabla ya hapo. Kosal akivuliwa vazi leo, nafasi ingekwenda kwa binamu yake Rithea, ambaye aliitamani tangu utotoni na sasa alikuwa mlangoni, ananyoosha misuli kama aliyekwisha kuitwa.

Kosal alikuwa na msokoto mmoja tu. Kabla zamu yake ya kushonwa haijafika, alipiga magoti mbele ya sinia la walimu, lile la sadaka ya kichwa cha nguruwe, ndizi na tambuu, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alipoinuka, msokoto ulikuwa chini ya ndizi. Sinia hilo haliguswi na mtu mpaka ngoma iishe. Walimu wakiudhika, mvua hainyeshi, na mchezaji huvunjika mguu.

Bibi Yorn alipiga mshono wa mwisho, akakata uzi kwa meno. "Huyu hana kitu."

"Bibi," Rithea alisema kwa sauti ya asali, "mbona sinia hujalitazama? Leo kaka kasali kweli kweli. Hata siku ya mtihani hakuinama hivyo."

Mpiga zumari aliacha kulowesha zumari lake. Msimulizi akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko usio na kitu. Babu Prak akakohoa.

Bibi Yorn akalifuata sinia. Akapiga magoti, akainua ncha ya jani la mgomba lililolifunika, akaingiza mkono. Ndani ya vazi, jasho lilimtiririka Kosal mpaka kwenye mkia.

Mkono ukatoka mtupu. Bibi alilirudisha jani, akalisawazisha taratibu, kisha akageuka, macho yanawaka.

"We Rithea! Sinia hili nimelipanga mimi, kwa mikono yangu, tangu alfajiri. Unataka nipekue chakula cha wafu kama askari wa kivuko? Mvua ikigoma, utakuja kumwagilia mpunga wangu kwa mate?"

"Nisamehe, bibi."

"Waombe walimu. Mimi niondokee hapa!"

Siku hiyo Kosal alicheza kama aliyeingiwa na siafu. Alijikuna, akapinduka, akampanda jitu pajani, akamnyang'anya mgeni mkuu kofia na kuinusa, mpaka mgeni mwenyewe akafuta machozi kwa kucheka. Jitu lilikufa, na safari hii likakubali kufa. Ngoma ilipoisha, mgeni mkuu alisimama, akatamka "Phnom Penh", na ua mzima ukalipuka.

Wenzake walipokuwa nje wakipigwa picha, Kosal aliponyoka akaingia ndani, kinyago kwapani, mwili bado umeshonwa. Akafunua jani. Akainua ndizi.

Msokoto wake ulikuwepo. Lakini ulikuwa na majirani. Mmoja ulizungushiwa kipande cha karatasi chenye maneno ya msimulizi. Mwingine ulichomekwa ndani ya tete la zumari. Wa tatu ulilala ndani ya kitambaa cha kijani, kijani kilekile cha suruali ya jitu. Na pembeni, umejificha chini ya tambuu, mmoja wa kizamani, watu wangedhani ni tumbaku ya wazee, umeviringwa kwa jani kavu na kufungwa kwa uzi mwekundu.

Kosal aliuma kidole asipige kelele. Babu! Kisha udadisi ukamshinda. Akakiinua na kichwa cha nguruwe, kitu cha kwanza kuwekwa kila sinia linapopangwa.

Chini yake kulikuwa na msokoto mnene kama kidole gumba, umeshavutwa nusu. Haukuwa umeviringwa wala kufungwa. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa dhahabu, kwa mishono midogo iliyonyooka, sawasawa na ile iliyokuwa ikimbana Kosal kwapani.