Mkono wa Kushoto

Mikono yote ilikuwa juu. Mgeni hajavua hata koti, na darasa zima la nne limeshachipua mikono kama shamba la alizeti. Mwalimu Penka alitabasamu kwa meno tu.

Siri yenyewe ilikuwa nyepesi. Anayejua jibu ainue mkono wa kulia. Asiyejua ainue wa kushoto, tena kwa furaha, kana kwamba anajua. Mwalimu anaita wa kulia peke yao, na mkaguzi aliyekaa nyuma anaona darasa la werevu watupu. Kila darasa lililopita mikononi mwa Penka lilifundwa hivyo, tangu enzi za ukomunisti, watoto wakivaa vitambaa vyekundu shingoni. Na wale aliowakatia tamaa hakuwaachia hata nafasi ya kuchagua.

"Nyie maboga," aliwaambia mlango ukishafungwa, "kushoto tu. Hata mkijua, kushoto. Sitaki mniaibishe."

Safari hii aibu ingemponza kweli. Watoto walikuwa wamepungua mjini, wazazi wamekimbilia Ujerumani na Hispania kutafuta kazi, na madarasa mawili ya nne yangeunganishwa kuwa moja. Mwalimu mmoja angebaki: yeye, au Stoyanka wa chumba cha pili. Neno la mkaguzi ndilo lingeamua. Penka alibakiza miaka michache kufikia pensheni, na kwa umri ule nani angemwajiri?

Mkaguzi aliitwa Bi. Milkana. Alitumwa kutoka jiji la Plovdiv, nywele fupi, uso mkavu, na salamu ya Penka aliipokea kwa kichwa tu. Alitundika koti kwenye msumari uliojificha nyuma ya ramani. Akakikataa kiti kizuri alichowekewa, akaenda kujibana kwenye dawati la mwisho kando ya jiko la kuni, lile ambalo Penka huwaweka maboga yake. Hapo alikaa na Vesela, msichana mdogo mwenye masizi ya pilipili vidoleni, maana msimu ule mji mzima ulikuwa ukichoma pilipili za kuweka akiba ya baridi. Stoyanka naye alikaa karibu na mlango, amekuja kutazama, kama ilivyo desturi siku ya somo la wazi.

Somo lilikuwa la msamiati: maneno ya moyoni. Fadhila, husuda, majuto, kinyongo. Penka alitaja neno, mikono ikaruka, naye akachagua wa kulia.

"Majuto?"

"Ni uchungu anaoupata mtu kwa kosa alilolitenda mwenyewe!"

"Vizuri sana, mwanangu. Kaa."

Mambo yalikuwa yakienda kama maji. Ndipo mkaguzi aliposimama.

"Hongera, Mwalimu. Sasa niachie niulize mimi."

"Bi. Mkaguzi, muda wetu umebaki kidogo..."

"Unatosha."

Alimwita mvulana wa dirishani, aliyeinua kushoto. Mvulana alisimama akavitazama viatu vyake. Akaita mwingine, wa kushoto. Huyo akakuna kichwa. Wa tatu, wa kushoto pia, alianza kulia. Mikono ya kulia ilikuwa ikimpungia mkaguzi usoni, naye akaipita kama haioni.

Jasho lilimtoka Penka. Hii haikuwa bahati mbaya; mtu alikuwa amesema. Alimtupia Stoyanka jicho, na Stoyanka akageukia dirishani. Kikulacho ki nguoni mwako, Penka alijisemea.

"Nataka huyu," mkaguzi alisema, akamgusa Vesela begani. "Kinyongo ni nini, mama?"

"Huyo hawezi," Penka alidakia. "Huyo tunamvumilia tu."

"Boga nalo lina mbegu, Mwalimu. Mwache aseme."

Penka alishtuka. Neno lile hakuwahi kulitamka mlango ukiwa wazi.

Vesela alimtazama mwalimu wake kwa woga, akashusha mkono. "Ni kama zile pilipili bibi anazoziweka kwenye chupa za siki," alisema polepole. "Unazifunga vizuri, unazipeleka chumba cha chini. Unaweza hata kusahau kama zipo. Siku ukifungua, bado kali."

Watoto walicheka. Mkaguzi hakucheka.

"Sita," alisema, na sita ndiyo alama ya juu kabisa. "Kaa, mama. Umejua kuliko kitabu."

Kengele ililia, watoto wakamwagika uani. Bi. Milkana alifunga kalamu yake.

"Darasa litabaki na Mwalimu Stoyanka."

Penka aligeuka. Alimrukia mwenzake.

"Nyoka we! Kila asubuhi unakunywa kahawa yangu, kumbe unaniuza!"

"Dada Penka, naapa kwa macho yangu, huyu mama ndiyo kwanza namwona leo. Na hiyo mikono yenu mimi hata sikuielewa!"

"Mwongo mkubwa! Ulisimama mlangoni ukasikiliza! Mwizi wa mkate wa mwenzio!"

Stoyanka alianza kulia. Penka alimwacha, akamgeukia mkaguzi.

"Basi nitajie wewe. Nani alikwambia? Nataka jina lake!"

Bi. Milkana alikuwa ameshavaa koti. Alirudi kwenye dawati la mwisho, akaketi wima kama mtoto mwenye adabu, kisha akainua mkono.

Wa kushoto.