Risasi Ikilia, Pointi Inarudiwa

Mpira wa mpinzani uligusa mstari wa nyuma, ukapita. Ndipo risasi ikalia mlimani, upande wa mtaa wa Gihosha.

Ilias alivisikia vyote viwili, na alijua kipi kilitangulia.

Tangu vita vianze, klabu ya tenisi ina sheria yake: risasi ikilia mpira ukiwa unachezwa, pointi inarudiwa. Na pointi hii ya mwisho ndiyo ilikuwa imemmaliza. Mshindi anakwenda kwenye mashindano ya Nairobi. Ilias, mchezaji wa mia tisa na kitu duniani, asipocheza nje mwezi huu, jina lake linatoka kwenye orodha. Miaka kumi na miwili ya raketi, basi.

Mwamuzi hakuwepo. Anakaa mtaa wa Musaga, na barabara ya huko ilifungwa tangu asubuhi.

Mpinzani alisogea hadi kwenye wavu, jasho likimtiririka. "Ilias, we ndiye ulikuwa karibu. Nini ilitangulia, mpira ao risasi?"

Alama ya mpira ilikuwa pale kwenye udongo mwekundu, nusu yake juu ya chokaa. Ilias aliikanyaga taratibu.

"Risasi."

"Kweli?"

"Mi nasema risasi."

Mpinzani alimtazama kidogo. "Sawa. Turudilie."

Akarudi nyuma kupiga servisi. Akaurusha mpira juu.

Ilias, magoti yamekunjwa, akagundua kwamba haangalii mpira. Alikuwa anasikiliza mlima, akiomba wapige tena.