Mkunga Hachongwi Jina

Tajiri Mbaruku alikuja kuweka jiwe la msingi la wodi ya pili ya zahanati ya mtaa. Muuguzi Raya, aliyeihudumia zahanati ile peke yake kwa miaka sita, alipewa mwiko wa mwashi amkabidhi mgeni. Akaushika, lakini hakuutoa.

"Samahani, mzee," alisema. "Wodi uliyotujengea mwanzo ina vitanda kumi na viwili, lakini kina mama wanazalia njiani kwa kuwa muuguzi ni mimi tu. Jengo tunalo. Tusomeshee wakunga wawili."

Mwenyekiti wa mtaa alimkanyaga mguu. Raya akajua huenda amewakosesha watu wote hata wodi hiyo.

Mbaruku alilitazama jiwe lenye jina lake. "Mkunga hachongwi jina la mtu," alisema taratibu.

"Hachongwi, mzee. Ila watoto watapona."

Tajiri akaguna, kisha akaomba kiti. "Keti nawe, mwanangu. Wanasomea wapi, na kwa muda gani?"

Raya alishusha pumzi kwa faraja. Akaketi juu ya mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, akaanza kueleza.