Mkono, Jua na Kamati

Mkono kwenye mchoro ulikuwa na vidole vitano, kama mikono yote, lakini kamati ilisema kuna kitu kimepungua.

"Naona kama unaomba," alisema mama wa miwani. "Kwani unaomba nini?"

Msanii aliutazama mchoro wake. Msanii ndilo jina walilombandika ukweni, nusu kwa utani, nusu kwa sababu tangu kiwanda cha uchapaji kifungwe hakuwa na kazi nyingine ya kutajwa. Alidhani anapimwa. Shirika linalowafundisha watoto viziwi lugha ya alama lingekosaje kujua mkono unafanya nini?

Nafasi ya mchoraji ilikuwa moja, na ingejazwa leo leo, kwa atakayewapendeza na nembo yake. Shemeji yake, karani wa shirika, alimpigania mpaka akaitwa, akaapa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Alimwachia maagizo matatu: ghorofa ya pili, saa tatu kamili, na simu izimwe, maana kamati haipendi milio. Msanii alifika mapema, akagonga mlango, akauliza, "Samahani, kamati iko humu?" Wote watano wakajibu kwamba iko, apite. Akatandaza karatasi zake mezani na kuomba maoni kuhusu nembo ya shirika.

Maoni aliyapata. Rasimu ya pili ilitakiwa iwe na jua, kwa amri ya mama wa miwani. Msanii aliteremka mbio hadi duka la kuchapa chini ya jengo, akapakata kompyuta, akachora, akachapisha, akapanda tena akihema. Alipoingia walikuwa wakibishana kuhusu bomba linalovuja. Waliacha mara moja, wakampisha mezani kwa furaha iliyomtia moyo.

"Jua zuri," alisema mwalimu mstaafu, "ila limekaa kipweke. Liwekee mti."

Rasimu ya tatu ikawa na mti. Hapo mzee wa kofia, aliyesinzia tangu asubuhi, akazinduka na kusema mti gani huo hauna ndege. Walivutana nusu saa, njiwa au mbayuwayu. Msanii alisimama kwa mguu huu, akahamia ule. Alitamani kuwauliza watoto wamekwenda wapi katika msitu wote huo, akaogopa kumwaibisha shemeji.

"Nakuja sasa hivi, wazee wangu," alisema, akashuka ngazi mbilimbili.

"Bado tu, kaka?" aliuliza dada wa duka la kuchapa.

"Bado kidogo. Wameipenda."

"Asubuhi si ulikuwa na mkono? Uko wapi?"

"Upo. Nyuma ya mti."

Saa nane mchana aliweka mezani rasimu ya nne. Jua lilikuwepo, mti ulikuwepo, njiwa na mbayuwayu walikaa tawi moja ili amani ipatikane, na pembeni kabisa, kwa mwenye macho makali, vilichungulia vidole viwili. Kila mmoja alikiona chake na kutabasamu.

"Wanaoafiki?" aliuliza mwenyekiti.

Mikono yote ikapanda juu. Msanii akaanza kukusanya karatasi zake. Alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kumwambia mkewe.

"Imepita kwa kauli moja," alisema mwenyekiti. "Katibu, iandike kwenye Mengineyo, baada ya bomba. Na wewe, fundi, usituache gizani. Hili shirika lako linafanya kazi gani hasa? Maana sisi ni kamati ya wapangaji tu wa jengo hili, na siku nzima hujatuambia."

Msanii aligeukia mlangoni. Ng'ambo ya korido mlango ulifunguliwa, na sauti ya shemeji yake ikasikika wazi, ikimkaribisha kazini mtu mwingine.