Kioo Namba Themanini na Nane

Fomu ya kwanza ilipotea. Ya pili ilirudishwa kwa kuwa ilijazwa kwa wino wa kijani. Ya tatu ilipokelewa vizuri kabisa, kisha ikakaa mezani wiki sita ikingoja saini ya mkuu wa nyaraka, ambaye kila akiulizwa yuko kikaoni.

Sasa fundi cherehani alikuwa amesimama tena mbele ya dirisha la mapokezi la ofisi ya nyaraka za mji, na miaka yake sabini na moja, akiomba kimoyomoyo: Mungu wangu, nipe subira, na kama umeshaninyima hiyo, basi nipe sauti.

"Mama, si nilikuambia uje mwezi ujao?" karani alisema.

"Huu ndio mwezi ujao, mwanangu."

Karani akaitazama kalenda ukutani kama vile ndiyo iliyomchongea.

Alichotaka fundi kilikuwa kitu kimoja tu: kuuona uso wa mama yake. Mama yake mzazi alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, siku tisa baada ya kumzaa. Maishani mwake alipigwa picha moja, na mwanamke wa kwanza mjini kumiliki kamera, ambaye watu walimwita Bibi Kitambaa kwa vile alijifunika kitambaa cheusi kichwani kila alipopiga. Picha zake za karatasi zote zilioza kwa kuvujiwa na mvua. Vilivyosalia, sasa katika stoo ya ofisi hiyo, ni vioo mia tatu na kumi na viwili, maana zama zile picha ilinaswa kwanza juu ya kioo. Na daftari lake lilisema: namba 88, bi harusi, gauni jeupe. Jina la mama likafuata.

Siku hiyo karani, pengine kwa kuchoshwa, aliingia stoo akarudi na kioo chenyewe.

Fundi alivaa miwani, akakiinamia. Gauni lilikuwa jeusi kama masizi. Ukuta wa nyuma, mweusi. Uso haukueleweka. Nywele zilikuwa nyeupe pe.

"Huyu si bibi kizee? Mama yangu alikufa msichana. Mvi kazitoa wapi?"

"Mimi natunza funguo tu. Mambo ya picha anayajua mhifadhi, naye yuko masomoni."

"Basi mmeviacha vikaota uchafu! Bibi Kitambaa kahangaika na mikamera mizito juani, ninyi kazi yenu kunywa chai!"

"Usinigombeze mimi, mama. Ukiwa na lalamiko, jaza fomu."

"Nyingine?"

"Hii ni ya njano."

Aliijaza palepale dirishani, kwa hasira, kwa zile herufi kubwa kubwa alizojifunza ukubwani katika masomo ya jioni. Aliandika: Kioo namba 88, uso wa mama yangu hauonekani kwa weusi. Bila shaka na vingine vyote ni hivyohivyo. Naomba weusi huo ufutwe.

Wiki ikapita, kimya. Alipokuja akaambiwa lalamiko linashughulikiwa. Alipokuja tena, likawa linashughulikiwa tena.

"Shughuli hiyo ingekuwa ya harusi," alimwambia karani, "saa hizi tungekuwa tunabembeleza wajukuu."

Karani alicheka, lakini fundi hakucheka. Njiani kurudi nyumbani alihesabu mara alizokwenda pale akafika kumi na nne, akaacha kuhesabu. Jioni alipiga magoti akashindwa kuomba. Alibaki tu amekaa na kichwa kitandani, amechoka na watu, amechoka na miguu yake.

Jumapili mchana simu ikalia. Alikuwa mhifadhi mwenyewe.

"Samahani, mama. Karani alinipa namba yako katikati ya wiki. Alisema nisipokupigia utamtoa roho."

"Hajakosea."

"Sikiliza. Kile kioo si kichafu. Kioo cha picha husema kinyume: jeupe hutokea jeusi, na jeusi hutokea jeupe. Ule weusi ndio picha yenyewe. Narudi kesho kazini. Njoo, nitaihamishia kwenye karatasi mbele ya macho yako."

Fundi aliuliza, "Na zile mvi?"

"Nywele nyeusi tii, mama. Za msichana."

Safari hii magoti yalipogusa sakafu maneno yalikuja yenyewe. Alishukuru, akaomba asamehewe kila neno alilomtupia karani, moja moja, na orodha haikuwa fupi.

Jumatatu alivaa gauni alilojishonea mwenyewe na ambalo hakuwahi kulivaa. Mhifadhi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimpokea mlangoni, akamshika mkono mpaka kwenye chumba cha ndani chenye dirisha kubwa, akamwekea kiti. Kisha akavaa glavu nyeupe na kuvuta boksi.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Karani alikuwa anahema, meno yote nje, akipepea karatasi ya njano yenye mhuri mbichi.

"Mama! Leo usiseme tena hatufanyi kazi! Fomu yako imepita. Mkuu kaisaini Ijumaa jioni, kaagiza itekelezwe kama ulivyoandika. Jana na juzi nimeshinda humu na ndoo ya maji ya moto na sabuni. Si hicho chako tu. Vyote, mia tatu na kumi na viwili!"

Mhifadhi alikuwa ameshainua namba 88 kwenye mwanga wa dirisha, na kupitia kioo hicho fundi aliiona barabara, duka la viatu la ng'ambo, na msichana mmoja akifungua mwavuli, waziwazi, bila doa hata moja.